Maumivu ya Bega: Dawa ya Kutuliza Uvimbe Ina Masharti Yake

Na Mwandishi Wetu

Mpiga rangi, fundi mwashi, mwalimu anayeandika ubaoni kutwa nzima: hawa wote huinua mkono juu mara nyingi, na mara nyingi bega ndilo hulipa gharama. Kano za bega hupita katika nafasi nyembamba chini ya mfupa. Zikisuguliwa kila siku huvimba na kuuma, hasa usiku mtu anapolilalia.

Wananchi wengi hukimbilia dawa za kutuliza uvimbe, zikiwemo ibuprofeni na diklofenaki. Dawa hizi hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea uvimbe na maumivu. Hata hivyo, kemikali hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ndiyo maana dawa inayoliponya bega usingizi inaweza kusababisha vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo.

Wapo wanaoamini kuwa sindano ya diklofenaki haigusi tumbo kwa kuwa haimezwi. Imani hiyo si sahihi, kwani dawa hufika tumboni kupitia damu. Dawa ya kupaka ni tofauti: kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo, hivyo hufaa kujaribiwa kwanza.

Kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400 humezwa baada ya chakula, hadi mara tatu kwa siku. Bila ushauri wa daktari, isizidi miligramu 1,200 kwa siku wala kutumika zaidi ya siku 10. Kuchanganya ibuprofeni na diklofenaki huongeza madhara, si nafuu.

Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa moyo au wa figo, anayetumia dawa za shinikizo la damu, na mjamzito, amweleze mfamasia hali yake kabla ya kununua. Mara nyingi atashauriwa paracetamol. Vivyo hivyo kwa mwenye homa inayoshukiwa kuwa dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, kwa kuwa dawa hizi huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Kidonge hakimalizi kazi. Hutoa nafasi ya kulinyoosha bega taratibu. Likiachwa bila kujongeshwa linaweza kukakamaa kwa miezi mingi, hali inayowapata zaidi wenye kisukari.

Asiyeweza kuinua mkono baada ya kuanguka, au mwenye bega la moto na homa, afike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Anayepata choo cheusi kama lami aache dawa na kwenda hospitali mara moja. Maumivu ya bega yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho jembamba au kukosa pumzi huweza kuwa ya moyo. Hayo hayasubiri kidonge.