Uhuru Angani: Mhandisi Marjorie Townsend na Neno la Kiswahili katika Elimu ya Nyota

Majina ya mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ni kamusi fupi ya siasa za ukombozi. Upo mtaa wa Uhuru. Upo pia Umoja, mtaa mpana ulioanza kujengwa miaka ya 1970 kwa fedha zilizotoka Marekani. Mkazi wa Umoja huyatamka maneno hayo bila kuyawazia, kama ilivyo ada ya majina yaliyozoeleka. Pengine si wengi wanaofahamu kwamba Uhuru ni jina pia la setilaiti iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya, na kwamba aliyeipa jina hilo alikuwa mhandisi mwanamke.

Marjorie Rhodes Townsend alizaliwa Machi 1930 jijini Washington. Alijiunga na Chuo Kikuu cha George Washington akiwa na miaka 15, na mwaka 1951 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa shahada ya uhandisi na chuo hicho. Alianzia kazi katika maabara ya jeshi la wanamaji, alikoshughulikia mitambo ya kusaka nyambizi kwa sauti. Mwaka 1959 alihamia NASA, shirika la anga la Marekani, ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Huko alihudumu katika miradi ya setilaiti za hali ya hewa kabla ya kukabidhiwa, katikati ya miaka ya 1960, usimamizi wa mradi wa setilaiti ndogo za elimu ya nyota. Usimamizi huo haukuwa cheo cha mapambo. Fedha, uzito wa chombo, ratiba, na hata uamuzi wa kurusha au kutorusha, vyote vilimwangukia yeye.

Setilaiti ya kwanza ya mradi huo ilikusudiwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Miali hiyo humezwa na hewa kabla ya kufika ardhini, hivyo anayetaka kuiona sharti apande juu ya hewa. Roketi zilizotangulia zilipanda na kushuka, zikiwapa wanasayansi dakika chache tu za kutazama. Sasa kilitakiwa chombo cha kukaa juu miezi na miaka, na ikweta ndiyo iliyofaa zaidi. Anayerusha roketi hapo husaidiwa na mzunguko wa dunia wenyewe. Fauka ya hayo, chombo kinachozunguka juu ya ikweta huepuka eneo la kusini ya Atlantiki ambako chembe zenye umeme huvuruga vipimo.

Ndipo Kenya ilipoingia katika kisa hiki. Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walikuwa wamesimamisha baharini, karibu na Malindi, jukwaa la kurushia roketi lililoitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka hapo ikiwa na setilaiti ya kilo zipatazo 140. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha NASA kurushwa na mafundi wa nchi nyingine, na mara ya kwanza kwa mwanamke kusimamia mradi wa namna hiyo hadi chombo kikafika angani.

Hadi siku hiyo chombo kilitambulishwa kwa herufi tu. Townsend alikiita Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe na ya wenyeji waliowapokea.

Kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko sherehe. Kwa zaidi ya miaka miwili Uhuru iliikagua mbingu yote. Ilionyesha kwamba baadhi ya nyota za eksirei ni jozi, moja ikiwa nyota ndogo nzito ajabu inayofyonza gesi ya mwenzake; vipimo vyake viliwaelekeza wataalamu pia kwenye Cygnus X-1, inayokubalika leo kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa mradi huo, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002.

Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339, na kila kimoja kilipewa namba inayotanguliwa na 4U. Herufi U hapo ni ya Uhuru. Wataalamu wa istilahi wamejadili kwa miongo mingi iwapo Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Neno hili liliingia katika elimu ya nyota bila kamati yoyote kuketi, na wanasayansi wasiojua sentensi moja ya Kiswahili wangali wanaliandika.

Townsend alisimamia pia setilaiti mbili zilizofuata, zilizorushwa kutoka jukwaa lilo hilo mwaka 1972 na 1975. Hizo hazikupewa jina la Kiswahili. Alistaafu NASA mwaka 1980, na kufariki dunia mwaka 2015. Jukwaa la San Marco lilirusha roketi yake ya mwisho ya kupeleka setilaiti mwaka 1988.