Haki ya Mgonjwa Kujua Anachougua

Mgonjwa anayetoka hospitalini na mfuko wa dawa bila kujua anachougua ametibiwa nusu. Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda, tatizo hili ni zito zaidi kwa sababu wagonjwa wa mpakani hawatulii mahali pamoja. Mtu hupimwa Busia, akapewa rufaa kwenda Kisumu au Eldoret, kisha akavuka kwenda kwa ndugu zake Tororo. Dereva wa lori hupimwa Malaba leo, wiki ijayo yuko Kampala. Kila anakofika huulizwa: uliambiwa una nini? Asipojua, vipimo huanza upya, pesa hutoka upya, na ugonjwa haungoji.

Ukweli hupotelea wapi? Mara nyingi kwenye daftari ambalo mgonjwa wa hospitali ya umma hubeba. Humo VVU huandikwa ISS au RVD, na saratani huandikwa Ca. Herufi hizo huzuia macho ya jirani, lakini humficha ukweli pia mwenye daftari. Lugha nayo ni kikwazo. Mzee anayezungumza Kiteso au Kisamia akikutana na daktari wa kutoka mbali, mkalimani huwa mwanawe, naye hupunguza makali ya habari njiani.

Familia pia huomba siri. Mtoto mkubwa humvuta daktari kando: "Daktari, mzee usimwambie, atakata tamaa." Huo ni upendo, lakini mzee huendelea kuuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine akidhani anatibiwa vidonda vya tumbo, na anakosa nafasi ya kugawa shamba akiwa na nguvu za kusema.

Si Afrika Mashariki pekee iliyoficha. Mwaka 1961, utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa madaktari 90 kati ya 100 walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Kufikia 1979, swali lilipoulizwa tena, 97 kati ya 100 walipendelea kumwambia. Desturi ya madaktari, basi, hubadilika, tena ndani ya kizazi kimoja.

Nchini Kenya sheria imeshasema. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, hatari zake na gharama, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Kunyamaza kunaruhusiwa tu penye ushahidi mzito kwamba kuambiwa hakutamfaa mgonjwa. Hofu ya jamaa peke yake haitoshi. Sheria hiyo hiyo inalinda siri ya mgonjwa, kwa hiyo kuwaambia jamaa na kumwacha mwenyewe gizani ni kosa mara mbili.

Kusema ukweli hakumaanishi kumtupia mtu habari kwenye korido. Daktari hutafuta faragha, huuliza mgonjwa anajua nini na angependa kujua kiasi gani, ndipo aseme kwa maneno mepesi, anyamaze, ampe muda wa kulia, kisha wapange hatua inayofuata.

Msomaji anayempeleka mtu wake hospitalini asitoke chumbani kabla ya jina la ugonjwa kuandikwa kwa ukamilifu kwenye daftari na mgonjwa mwenyewe kuelezwa. Akinyimwa maelezo, amwone msimamizi wa hospitali. Asiposikilizwa, apeleke malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.