Mtoto anaporuhusiwa nyumbani na kanula mkononi

Homa imeshuka na mtoto ameanza kula, lakini sindano za antibiotiki hazijaisha. Ikiwa hali yake ni nzuri, daktari anaweza kumruhusu arudi nyumbani na kanula, kisha apelekwe kituoni kila siku kuchomwa dawa.

Utaratibu huu si mgeni. Mwaka 1974 madaktari nchini Marekani waliandika kuhusu wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoathiri mapafu, waliopewa dawa za mshipa nje ya wodi. Siku hizi dawa kama seftriaksoni, ambayo mara nyingi hutolewa mara moja kwa siku, zimerahisisha kazi.

Faida ni kwamba mtoto analala kitandani kwake na anaepuka vijidudu vya wodini. Lakini mwenye degedege, anayepumua kwa shida au kichanga anayeumwa sana anahitaji uangalizi wa wodini.

Nyumbani, kanula ifunikwe na isilowe maji wakati wa kuoga. Usimwite jirani "anayejua kuchoma", kwani dozi hupimwa kwa uzito na mzio unaweza kutokea ghafla.

Rudi hospitali haraka, hata usiku, ukiona:

• mkono umevimba, unauma au unatoa usaha;
• homa imerudi;
• vipele, midomo kuvimba au kupumua kwa shida;
• mtoto amelegea au hanyonyi.

Kabla ya kuondoka wodini, uliza dozi ya mwisho ni lini na nani apigiwe simu usiku. Mtoto akianza kucheza, usikatishe sindano: vijidudu vilivyobaki vinaweza kumrudisha kitandani.