Fahamu Majina ya Sehemu za Chombo Kabla ya Kusafiri Baharini

Abiria anayepanda jahazi, mashua au ngalawa kwa mara ya kwanza husikia mabaharia wakiamrishana kwa maneno asiyoyazoea. Maneno hayo si pambo la lugha. Kila moja hutaja mahali au tendo mahsusi, na wakati wa dharura abiria anayeyafahamu hutii amri bila kupoteza muda.

Sehemu ya mbele ya chombo huitwa omo, na ya nyuma huitwa tezi. Tezini ndiko uliko usukani, ambao hugeuzwa kwa mti uitwao kana. Chini kabisa, kutoka omo hadi tezi, umelazwa mkuku, ambao hubeba mataruma, yaani mbavu zinazoshikilia mbao za chombo. Ndani, juu ya mkuku, ipo ngama, ambamo maji yanayopenya hukusanyika. Wahenga walisema, "Tezi na omo, marejeo ngamani." Kwa baharia, huko ngamani ndiko kwa kukagua mara kwa mara na kufua maji, kwani maji yanayoyumba ndani huweza kukipindua chombo.

Kulia na kushoto huhesabiwa kwa mtu aliyeelekea omo, hata kama abiria ameketi akitazama tezi. Usiku, taa ya ubavu wa kushoto huwa nyekundu na ya kulia huwa ya kijani, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972.

Tanga hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaopandishwa juu ya mlingoti. Pembe ya mbele ya tanga huitwa goshi, na kamba inayoizuia pembe ya nyuma huitwa demani. Kutokana na majina hayo, upande unakotoka upepo huitwa goshini, na upande unakoelekea upepo huitwa demani. Upepo ukizidi ghafla, baharia hulegeza kamba ya demani ili kupunguza nguvu ya tanga, na nahodha huweza kuwaamuru watu wahamie goshini ili chombo kisilale. Upepo ukitoka mbele, chombo hubisha, yaani husonga mshazari, mara upande huu, mara upande ule.

Uzito usio na mpangilio ni hatari kwa kila chombo, kiwe cha tanga au cha injini. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka Septemba 20, 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, lakini kilibeba wengi zaidi. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha.

Kwa sababu hiyo, kabla ya safari abiria anapaswa kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kuuliza idadi ya watu inayoruhusiwa, kuvaa jaketi la kujiokolea na kumsikiliza nahodha. Usalama wa vyombo husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa Tanzania Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA) kwa Zanzibar. Hata hivyo, nahodha akipaza sauti, "Goshini!", ni abiria mwenyewe anayepaswa kujua aelekee wapi.