Gari Lilipogeuka Ngalawa: Vioja vya Masika Bondeni Jangwani

Madereva wa siku nyingi wa Dar es Salaam wana kalenda yao. Aghalabu hawataji mwaka; husema tu, "Mwaka ule Jangwani ilipokuwa bahari." Taabu ni kwamba miaka hiyo ni mingi, na wazee wawili wakikutana barazani huweza kubishana hata kahawa ikapoa, huyu akishikilia mvua za El Nino za 1997 na 1998, yule akiapa kuwa ni zile za Desemba 2011.

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukakatiza jiji na kumwaga maji yake baharini penye Daraja la Salenda. Wakati wa kiangazi ni kijito cha kudharauliwa. Masika ikifika, kati ya Machi na Mei, hudai bonde lake lote, na Barabara ya Morogoro ikazama baina ya Magomeni na Faya.

Hapo ndipo vioja huzaliwa. Husimuliwa habari za bwana mmoja wa ofisini, suti na mkoba, ambaye teksi yake ilizimika katikati ya maji. Alipouliza kama watafika, dereva alimjibu kwa upole, "Wewe utafika, mzee, gari ndilo litakalobaki." Akaitwa kijana wa kumbeba mgongoni. Nusu ya safari kijana akasimama, akauliza kwa adabu kama mzee haoni kuwa uzito wake umezidi ule waliopatana.

Wasukuma magari nao walikuwa na bei zao: ya kusukuma gari tupu, ya kusukuma mwenyewe akiwa ndani, na, wasema watani, ya kunyamaza ili asichekwe. Maji yalipopungua, watoto waliokota sahani za namba zilizong'oka, wakazipanga kando ya barabara kama samaki wa fungu, wakingoja wenyewe.

Magari ya petroli ya zamani yaliogopa unyevu kuliko paka. Tone moja likiingia kwenye distribyuta, safari imekwisha mpaka pakauke. Wajanja walifunika sehemu ya mbele ili feni isirushe maji juu ya injini. Mume mmoja, kwa kukosa turubai, alitumia kanga mpya ya mkewe. Gari liliwaka, alipofika nyumbani, mama naye akawaka.

Hata soka haikusalimika. Klabu ya Yanga ina makao yake bondeni hapo, na mafuriko yalipougeuza uwanja wao wa Kaunda kuwa bwawa, watani wao wa Simba walipata jina la kuwaita hadi leo: vyura.

Kwenye mabasi, kipimo cha kina kilikuwa ni utingo. Alitangulia kwa miguu. Maji yakimfika magotini, basi hupita, yakimfika kiunoni, hugeuza. Yasemekana utingo mfupi alipendwa zaidi, kwa kuwa kipimo chake hakidanganyi. Ulikuwa mzaha mbaya kwa utingo, kwani chini ya maji ya tope huwa pana mtaro usio na mfuniko, nao haumwulizi mtu urefu wake.

Wasimulizi wenyewe hupunguza sauti wafikapo Desemba 2011. Mafuriko hayo yaliua watu wapatao 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu huweza kulielea gari dogo; yakifika 60, huyachukua magari mengi, hata makubwa. Na injini iliyozimika majini isiwashwe tena papo hapo: maji hayashindiliki kama hewa, hivyo yakiwa ndani ya silinda huweza kukunja vyuma vyake. Aliyevuka salama naye akanyage breki polepole mara kadhaa zipate kukauka, kabla hajazihitaji kwa haraka.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, karakana yake iliwekwa Jangwani penyewe. Wazee walitazama, wakatikisa vichwa, wakaendelea na kahawa. Aprili 2018 maji yaliingia humo, na huduma ikasimamishwa.

Mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi umepangiwa daraja refu la kuinua barabara juu ya mafuriko. Mzee mmoja wa teksi, alipoelezwa, alifurahi sana, kisha akauliza vijana wale wa kusukuma watahamia wapi.