Kabla ya Kupanda Sanje: Ushauri kwa Familia Zinazopanga Matembezi ya Mlimani



Baadhi ya familia za Mlandege zimetuletea swali ambalo si la ugonjwa, nasi tumelipokea kwa furaha. Wanataka wazazi na vijana wao waende mlimani kwa siku moja, watembee bila kukimbizana, waone kitu cha kupendeza, kisha warudi walikoanzia kwa njia nyingine. Wanauliza waende wapi, na wajiandae namna gani. Sisi wauguzi kazi yetu ni hilo la pili, lakini hata la kwanza tunaweza kulijibu, maana tuliwahi kusindikiza kikundi cha jumuiya katika safari kama hiyo, na tulijifunza jambo kwa njia ambayo hatuwatakii ninyi.

Njia tunayoishauri ni ule mzunguko wa maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na sehemu yake iko kwetu huku, wilaya ya Kilolo. Ndani yake hakuna barabara za magari. Mgeni hutembea kwa miguu, akiongozana na mwongozaji au askari wa hifadhi. Maporomoko ya Sanje yanashuka kwa ngazi tatu, jumla yake kama mita 170. Msitu wa hapo una aina ya nyani ambao wanasayansi waliwatambua mwaka 1979 tu na kuwaita mangabi wa Sanje, ingawa wenyeji walikuwa wakiwafahamu siku zote. Mzunguko mzima huchukua kama saa nne. Si safari ya wanamichezo, wala si ya kwenda sokoni.

Kutoka Iringa mtashuka Kitonga, mpite Ruaha Mbuyuni hadi Mikumi, ndipo mkate kulia kuelekea Kidatu na Mang'ula. Ni kama kilomita 250. Msijaribu kwenda, kupanda na kurudi siku hiyo hiyo. Mnaomkodi mwenye kosta, mwambieni mtalala Mang'ula, mtembee asubuhi, na mrudi kesho yake mkiona njia. Dereva aliyechoka, akipanda Kitonga usiku na watu thelathini waliosinzia, ni hatari kubwa kuliko nyoka wote wa Udzungwa.

Sasa tuingie katika yetu. Iringa mjini tuko juu, zaidi ya mita 1,500, na mwezi wa Julai tunavaa sweta mbili. Mang'ula ni kama mita 300 tu. Hewa ya msituni ni nzito, jasho linatoka wala halikauki, na mwili uliozoea baridi huchoka upesi. Mtu mzima abebe maji yaliyochemshwa, lita mbili kwa uchache, na mwenye jasho jingi lita tatu. Anywe kidogo kidogo tangu mwanzo, asingoje kiu. Kwa kila watu watano, lita moja iwe na maji ya chumvi na sukari: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko bapa, si vya kurundika. Akianza mtu kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu au kukakamaa misuli, akae kivulini, avuliwe hilo sweta, anyweshwe polepole. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, safari yake imekwisha.

Hapo ndipo tunapotaka kuwaeleza lililotupata.

Asubuhi ile, ndani ya gari, mmoja wetu alisimama akauliza kwa sauti: "Jamani, kuna mwenye tatizo lolote la afya?" Wote wakacheka, wakasema wako salama. Tukaridhika. Katika begi tulikuwa na bandeji, dawa ya maumivu, dawa ya vidonda, kila kitu kilichopangwa vizuri kama kabati la wodini.

Tulipanda vizuri hadi kwenye maporomoko. Tulipoanza kushuka, mama mmoja wa makamo, mtu mpole anayejulikana kwa upole wake, alianza kujikwaa. Kisha akamjibu mwenzake kwa ukali usio wake. Jasho lilimtoka, lakini ngozi ilikuwa ya baridi. Wenzake walisema amechoka. Nasi, tuliosomea kazi hii miaka mingi, tulisema ni joto, tukampa maji. Hakupata nafuu. Akakaa chini, akawa anatutazama kama hatujui.

Binti yake mdogo ndiye aliyetoa pakiti ya vidonge kwenye pochi ya mama. Vilikuwa vidonge vya kisukari. Mama alikuwa anavitumia kwa miaka mitatu, na jumuiyani hakuna aliyejua. Asubuhi alimeza kidonge kama kawaida, akanywa chai ya rangi isiyo na sukari na kuacha kitafunio, kwa sababu aliogopa kutafuta choo porini mbele ya vijana. Akapanda mlima saa mbili nzima. Sukari yake ya damu ilikuwa imeshuka vibaya.

Tulipo palikuwa na uwazi katika miti, na chini yetu mashamba ya miwa ya Kilombero yalionekana hadi macho yanapokoma. Nasi katika begi letu lote hatukuwa na kijiko kimoja cha sukari, maana maji ya chumvi na sukari tulikuwa tumeyamaliza wakati wa kupanda. Kijana mmoja alikuwa ameficha soda yake kwa ajili ya chakula cha mchana. Mama alikuwa bado anaweza kumeza, tukamnywesha taratibu. Baada ya kama robo saa akauliza kwa nini tumemzunguka. Alikula mkate na ndizi, tukangoja hadi akasimama vizuri, tukashuka naye hatua kwa hatua. Kama angezimia kabisa tusingeweza kumtia kitu kinywani, maana angepaliwa. Ingebaki kumlaza ubavu na kumbeba katika mteremko ule.

Kosa lilikuwa letu. Mtu hawezi kutaja ugonjwa wake mbele ya gari zima, mbele ya wakwe na vijana wa kwaya. Kwa hiyo, siku tatu kabla ya safari, mtu mmoja anayeaminika kwa kutunza siri, ikiwezekana muuguzi au mhudumu wa afya wa mtaa, aongee na kila mmoja faragha. Aulize dawa, siyo ugonjwa: "Unameza nini kila siku?" Watu hukana presha, lakini vidonge huvitaja. Anayetumia dawa za kisukari aende kliniki aulize kipimo cha siku ya kutembea, asimeze bila kula, na pipi au sukari awe nayo mfukoni mwake mwenyewe. Anayetumia dawa ya presha inayokojosha asiache kwa uamuzi wake, naye aulize kwanza. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, isibaki garini. Mwenye kifafa anaweza kutembea akiwa na mwenzake wa karibu, lakini asiingie katika mabwawa yale chini ya maporomoko, hata vijana wamsihi vipi.

Na suala la choo lipangwe wazi. Mwongozaji aulizwe mapema ni wapi akina mama watapumzika kwa faragha. Inaonekana jambo dogo, lakini ndilo lililomnyima yule mama kifungua kinywa.

Anzeni saa moja asubuhi, baada ya uji mzito au chai na kitu cha kushiba. Wa mbele awe yule anayekwenda polepole kuliko wote, na mtu mwenye nguvu awe wa mwisho. Ikifika saa sita mchana hamjamaliza nusu, geukeni. Viatu viwe vya zamani vilivyouzoea mguu. Viatu vipya ni malengelenge kabla ya kilomita ya pili. Kwenye miamba yenye maji, msimruhusu mtu kurudi kinyumenyume kwa ajili ya picha ya simu. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye wala kufunga kamba ya kukaza. Mguu utulizwe kwa kijiti, abebwe, apelekwe hospitali haraka. Iliyo kubwa upande ule ni ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara.

Babu, bibi na watoto wadogo wasiachwe nyumbani. Karibu na lango la Mang'ula kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard, matembezi ya chini ya saa moja. Msichague Machi hadi Mei, wakati wa masika, maana njia inateleza. Juni hadi Oktoba ni afadhali.

Mwisho ni malaria. Bonde la Kilombero lina mbu wengi, na sisi wa nyanda za juu miili yetu haijazoea vimelea kama ya wenyeji wa huko. Bebeni vyandarua, hata kwa usiku mmoja. Jioni vaeni mikono mirefu. Wajawazito na wenye watoto chini ya miaka mitano wafike kliniki kabla ya kuamua kwenda. Homa ya malaria haiji kesho yake. Huanza baada ya siku saba au zaidi, pengine wiki kadhaa, wakati begi limeshafuliwa na safari imesahaulika.

Katika kikundi chetu, mtoto wa miaka kumi alipata homa siku ya kumi na mbili. Mama yake alidhani ni baridi ya Iringa, akampa dawa ya kutuliza homa kwa siku mbili, kisha akamleta akitetemeka. Mwenzetu wa mapokezi alimuuliza kama walikuwa wamesafiri hivi karibuni. Mama akasema hapana, maana kwake safari ni Dar es Salaam. Mtoto mwenyewe, akiwa amelala begani, ndiye aliyesema kuwa alikwenda Sanje na aliona nyani. Alipimwa, malaria ikaonekana, akaanzishiwa dawa mseto siku hiyo hiyo.