Kichujio katika Kidhibiti Volteji: Neno na Kazi Yake

Kitenzi "kuchuja" kimezaa nomino "kichujio", ambayo mafundi wa umeme wameichukua kutoka jikoni. Jikoni, chai hupita na majani hubaki. Katika kidhibiti volteji cha swichi maana hiyo haitoshi, na mwanafunzi anayeitegemea huweza kuchagua vifaa visivyofaa.

Kidhibiti cha aina hii hakipunguzi volti kwa kuzigeuza kuwa joto. Swichi yake huwashwa na kuzimwa upesi sana, hata umeme utokao huwa mapigo. Mapigo hayo hulainishwa na vifaa viwili. Koili huweka nishati wakati swichi imewaka na kuirudisha inapozimika. Kapasita hupokea ziada ya mkondo na kufidia upungufu wake. Kwa hiyo kichujio hiki hakibakizi makapi: huweka akiba na kuigawa.

Mfano utafafanua jambo hili. Kidhibiti hupokea volti 12 na kutoa volti 5 kwa mkondo wa ampea 2, swichi ikiwashwa mara 100,000 kwa sekunde. Mkondo wa koili huruhusiwa kupanda na kushuka kwa asilimia 30 hivi ya mkondo wa mzigo, yaani ampea 0.6. Tofauti ya volti 7 huzidishwa kwa sehemu ya muda ambao swichi imewaka, yaani 5 kwa 12, kisha hugawanywa kwa 0.6 na kwa 100,000. Jibu ni takriban maikrohenri 49. Koili ya 47, kipimo cha kawaida madukani, yatosha. Hata hivyo, mkondo wa kilele hufikia ampea 2.3. Koili ambayo kiini chake hujaa sumaku kabla ya hapo haifai, kwani mkondo utapanda ghafula na huenda ukaiunguza swichi.

Kosa kubwa hutokea kwenye kapasita. Kwa maikrofaradi 100, uwezo wake wa kuhifadhi ungeruhusu volti ziyumbe kwa milivolti 8 tu. Lakini kila kapasita ina ukinzani wa ndani. Ukinzani huo ukiwa omu 0.1, wenyewe huleta milivolti 60 hivi. Anayewaza chujio hutafuta kapasita kubwa zaidi. Anayewaza akiba huuliza pia jinsi akiba hiyo inavyotoka. Ghala kubwa lenye mlango mwembamba halimfai mwenye haraka.

Haya hayamaanishi kwamba neno "kichujio" litupwe. "Mkondo" nao ulitoka majini ukaingia katika nyaya, wala haukupotosha mtu. Linalotakiwa ni kwamba kamusi za istilahi zifasili neno kwa kazi ya kifaa, si kwa asili ya neno peke yake. Fasili isiyofanya hivyo humwachia mwanafunzi picha ya jikoni, naye hulipa gharama yake mezani pa kazi.